Nani Amfunze Mwalimu wa Ufundi?

Juma hili nataka tuzungumze habari za mtu ambaye hatumtaji sana. Wanafunzi tunawataja, walimu tunawataja, mafundi tunawataja. Huyu ninayemsema yupo katikati ya hao watatu. Ni mwanachuo wa ualimu wa ufundi, yule kijana anayepelekwa katika shule ya ufundi akajifunze kufundisha, naye bado hajawa mwalimu, na pengine hajawa fundi pia.

Namzungumzia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu Januari 2024 nchi yetu imeanza kuwaingiza watoto wa kidato cha kwanza, katika baadhi ya shule, kwenye mkondo wa amali, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka mkondo huo ukue. Kila mahali tunasikia habari za karakana na vifaa, na ni habari njema. Sababu ya pili ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa mwanachuo wa aina hiyo, na jambo lililonipata sijalisahau mpaka leo. Nitalieleza, lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana mambo haya hayakuanza jana.

Hapo zamani, kabla ya shule za serikali, fundi alimzaa fundi. Katika mwambao wetu, kazi ya kuunda majahazi, ya uhunzi, na ya kuchonga milango ile inayosifiwa hadi leo kule Unguja na Lamu, ilifundishwa kwa uanagenzi. Mwanagenzi alikwenda kukaa kwa fundi. Alianza kwa kufagia, kunoa vyombo na kushika ncha ya ubao huku mwenzake akikata. Siku nyingi zilipita kabla hajakabidhiwa patasi. Akishahitimu, alimpa fundi wake kilemba, yaani zawadi ya kumshukuru kwa kumfikisha.

Fundi huyo hakusomea ualimu hata siku moja. Lakini alikuwa na mambo mawili ambayo vyuo vingi leo havina. Kwanza, wanagenzi wake walikuwa wachache, akiwaona wote kwa jicho moja. Pili, kazi yake ilikuwa ya kweli. Mteja alikuwa akiingojea, na mwanagenzi akiharibu ubao wa mvule, hasara ilikuwa ya fundi siku ileile. Kwa hiyo fundi aliangalia. Sisemi kwamba yote yalikuwa mazuri, la hasha. Mafundi wengine walificha siri za kazi, na mwanagenzi alilazimika kuziiba kwa macho. Na aliyekosa mjomba au baba mwenye kazi, mlango haukumfungukia kwa urahisi.

Kisha zikaja misheni. Kule Bagamoyo, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua kituo chao mwaka 1868, watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, nao wakajenga karakana zilizopata jina kubwa kusini mwa nchi. Waliofundisha humo walikuwa mabradha, watu waliokuwa mafundi kwao Ujerumani kabla ya kuvaa kanzu. Serikali ya Wajerumani nayo ilikuwa na shule yake Tanga tangu miaka ya 1890, na humo vijana walijifunza, pamoja na mengine, kazi ya uchapaji. Gazeti la Kiongozi, lililoanza kutoka mwaka 1904, lilichapwa hapo Tanga.

Tazama jambo hilo vizuri, ndugu msomaji. Kijana wa Tanga hakupanga herufi kwa ajili ya mtihani. Alizipanga kwa ajili ya gazeti lililokuwa linakwenda kusomwa na watu. Kijana wa Peramiho alichonga mlango wa kanisa, na mlango ule ulipaswa kufungika. Shabaha ya mtawala, hata hivyo, ilikuwa kupata wasaidizi, si kupata watu watakaosimama mahali pake. Kumfunza Mwafrika ushonaji, useremala au uchapaji lilikuwa jambo moja. Kumfunza awe mwalimu wa kazi hizo lilikuwa jambo jingine, na halikupewa uzito.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dk. James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Tume hiyo ilisisitiza elimu inayofuata maisha ya watu. Mwaka uliofuata, 1925, pale Kabete karibu na Nairobi, ilifunguliwa shule ya Jeanes. Waliosoma hapo walikuwa walimu watu wazima. Walikuja na wake zao na watoto wao, wakakaa katika kijiji cha shule, wakajifunza kwa kutenda, na walipohitimu walitembea shule hadi shule wakiwasaidia walimu wenzao papo hapo kazini. Unaweza kuilaumu elimu ya wakoloni kwa mambo mengi, lakini wazo hilo moja lilikuwa na akili: kwamba mwalimu hafunzwi kwa maneno tu, anafunzwa mahali anapofundisha.

Kwetu Tanganyika, shule kubwa za ufundi zilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Ifunda, katika Iringa, palikuwa kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa vita. Wakimbizi walipoondoka, mahali hapo pakafanywa shule ya ufundi katika miaka ya mwanzo ya 1950. Moshi ikafuata mwaka 1957, na mwaka huohuo kikaanzishwa chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, ambacho tangu 1997 kinajulikana kama Taasisi ya Teknolojia. Katika zile shule za ufundi kijana alikaa miaka 3 shuleni, kisha akatumwa miaka 2 kwa mwajiri, akashike kazi yenyewe. Ule uanagenzi wa zamani, kwa maneno mengine, haukuwa umekufa. Ulikuwa umevaa sare tu.

Uhuru ulipopatikana, mambo yakabadilika. Ifunda na Moshi zikageuzwa kuwa sekondari za ufundi katika miaka ya 1960. Wazazi walifurahi, maana sekondari ilikuwa na heshima na ilifungua njia ya kwenda juu. Lakini mabadiliko hayo yalikuwa na gharama yake. Zamani swali lilikuwa, kijana huyu anaweza kufanya kazi? Sasa likawa, kijana huyu amefaulu mtihani? Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, akipinga elimu inayomtenga kijana na kazi. Katika miaka ya 1970 sekondari zikagawiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Mwaka 1974 ukawa mwaka wa mambo makubwa mawili: Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi, na, mwezi Novemba, Azimio la Musoma. Mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa msaada wa Sweden. Vijijini nako vikafunguliwa vituo vya ufundi kwa ajili ya waliomaliza darasa la saba.

Yote hayo yalihitaji walimu, na walimu hawaoti kama uyoga. Mwaka 1977, elimu ya msingi kwa wote ilipoanza, nchi ilichukua vijana wa darasa la saba ikawafanya walimu wa UPE, wakijifunza na kufundisha kwa wakati mmoja. Watu waliwabeza, na wengine wanawabeza hadi leo. Mimi siwabezi. Wengi wetu tulifundishwa kusoma na watu hao. Lakini njia ile haiwezi kuhamishiwa karakana bila tahadhari. Chaki humvumilia mwalimu asiyekomaa. Akikosea hesabu leo, kesho anaifuta na kuanza upya. Msumeno haumvumilii mtu.

Jirani zetu wa Kenya walilitazama tatizo hili mapema. Mwaka 1977, kwa ushirikiano na serikali ya Canada, walianzisha chuo cha walimu wa ufundi pale Gigiri, Nairobi. Lakini ulipokuja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, masomo ya mikono yakaingizwa katika shule za nchi nzima kwa mara moja. Wazazi wakachangishwa kwa harambee kujenga karakana. Kuta zilisimama upesi kuliko walimu. Katika shule nyingi mwalimu wa somo jingine alipewa kitabu na kuambiwa afundishe useremala. Miaka michache baada ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa, na tangu 2017 Kenya ikaanza kuuacha mfumo wenyewe. Masomo yale hayakuwa mabaya kwa mtoto. Yalikosa watu wa kuyafundisha.

Sasa nije kwenye lile langu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwanachuo wa ualimu, somo langu useremala. Nilikuwa nimefaulu vizuri. Nilijua majina ya viungo vyote vya mbao, nilijua kuchora, na nilijua kuandika azimio la kazi na andalio la somo kwa mwandiko mzuri. Nilipelekwa katika shule moja ya ufundi, jina lake tuliache, kwa majuma 8 ya mazoezi ya kufundisha. Darasa langu lilikuwa na vijana 40, meza za kazi 10, na msumeno mmoja wa mashine ambao kinga yake ilikuwa imevunjika zamani na haikuwahi kurudishwa.

Karakana ile ilikuwa na mzee mmoja, msaidizi. Alikuwa na cheti cha majaribio ya ufundi Daraja la Kwanza, lakini hakuwa na cheti cha ualimu, kwa hiyo kwa taratibu za shule mimi mwanachuo wa miaka 22 nilikuwa juu yake. Aliniita Mwalimu, nami nilimwita Mzee. Siku ya kwanza aliniona nikichora kiungo kwa chaki, nikipendezwa na mistari yangu. Aliningoja nimalize. Kisha akabana kipande cha mninga kwenye jiriwa, akaweka kiganja juu yake, akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa kwetu ubao wa kufundishia ni huu."

Nilicheka. Sikumsikia.

Katika juma la tatu nilikuwa nimewapa mgongo wanafunzi, nachora. Nilisikia mashine ikiwashwa, na kabla sijageuka nilisikia ukelele. Mzee ndiye aliyefika kwenye swichi kuu. Kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wote, alikuwa ameona kazi inachelewa, akaamua kujikatia ubao wake mwenyewe. Msumeno ulichukua ncha ya kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto. Mzee alimfunga kwa shati lake mwenyewe, tukampeleka zahanati. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka hata sikuweza kushika mlango wa gari.

Juma lililofuata alikuja mkaguzi kutoka chuoni kunipima. Alisimama mlangoni, mahali ambapo vumbi la mbao halimfikii, akasoma andalio langu la somo, akatazama mchoro wangu, akanipa alama za juu. Hakuuliza habari za mashine. Hakuuliza ni vijana wangapi waliokuwa wamewahi kushika randa juma lile. Hata kidole hakukiuliza. Sijui kama alikuwa ameambiwa. Mimi sikumwambia, na hiyo ni aibu yangu, si yake.

Kwa majuma yaliyobaki nilijifanya mwanagenzi wa yule Mzee. Kila jioni, vijana wakishatoka, alinifundisha. Hakunifundisha kukata tu. Alinifundisha mahali pa kusimama ili nione meza zote 10. Alinifundisha kusikia randa inayolia vibaya kabla sijaiona. Alinionyesha jinsi ya kumshika kijana kiwiko badala ya kumnyang'anya chombo. Huo, ndugu zangu, ulikuwa ualimu, ingawa hakuna karatasi iliyosema hivyo.

Hata hivyo nisije nikaonekana nasema vyuo havina maana. Mzee yule alikuwa hodari kwa vijana wanne au watano. Wakiwa 40 alichoka, akakasirika, na waliokuwa wazito akawaacha nyuma. Kusoma mchoro hakuwafundisha, kwa sababu yeye aliubeba mchoro kichwani. Kupanga kazi ya mwaka mzima, ili jambo jepesi litangulie zito, ndiko nilikojua mimi. Yeye alikuwa na nusu na mimi nilikuwa na nusu, na shule ilituweka chumba kimoja bila kutuambia tuziunganishe.

Hapo ndipo ninapoiona historia yote niliyoieleza. Enzi ya kwanza ilikuwa na fundi asiyesomea kufundisha. Enzi ya pili ilipata mwalimu mwenye cheti ambaye mikono yake haijakomaa. Ni mara chache tumemkamilisha mtu wa tatu, mwenye yote mawili, na sababu yake si ngumu kuiona. Aliye fundi kweli huchukuliwa na kiwanda au hufungua gereji yake, maana mshahara wa ualimu haumtoshi. Aliye na cheti cha kidato huenda chuoni, lakini chuoni mbao ni ghali, umeme ni ghali, vyuma ni ghali, na mazoezi hugeuka kuwa maandishi.

Sheria ya mwaka 1994, iliyoizaa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ilileta nafuu. Iliweka tozo kwa waajiri ili mafunzo yapate fedha, ikawapa waajiri sauti, na Mamlaka hiyo ina chuo chake cha walimu wa ufundi stadi pale Morogoro. Neno uanagenzi nalo limerudi katika hotuba za serikali, na nalifurahia kama mtu anayefurahi kumwona ndugu aliyepotea. Lakini sasa mkondo wa amali unaingia katika sekondari nyingi, na hesabu ya walimu wanaotakiwa ni kubwa kuliko chuo kimoja au viwili vinavyoweza kutoa. Haraka ndiyo iliyowaponza majirani zetu mwaka 1985. Tusione ajabu ikituponza na sisi. Haraka haraka haina baraka, na karakana ndilo mahali ambapo msemo huo hutimia kwa damu.

Kwa maoni yangu tufanye mambo manne, na hakuna hata moja ambalo halijawahi kufanywa hapa kwetu.

Kwanza, mwanachuo wa ualimu wa ufundi akae kazini kwa fundi wa kweli, mjini au kiwandani, kwa muda wa kutosha, kabla ya kukabidhiwa darasa. Ile miaka 2 ya vijana wa Ifunda haikuwekwa bure.

Pili, katika majuma ya mazoezi asiachwe peke yake. Awekwe ubavuni mwa mwalimu mzoefu au fundi mzoefu, kama walivyotembelewa walimu na wale wa Kabete, na fundi huyo alipwe na aheshimiwe kwa kazi hiyo, hata kama hana cheti cha ualimu.

Tatu, anayekuja kumpima awe mtu anayeijua kazi, aingie ndani, avae ovaroli, akae mpaka vumbi limfikie.

Nne, vitu vinavyotengenezwa vitumike. Madawati ya shule jirani, madirisha ya zahanati, milango ya nyumba za walimu. Mwanafunzi anayejua kwamba kiti chake kitakaliwa na mtu hujifunza tofauti na anayejua kwamba kitavunjwa kuwa kuni baada ya mtihani. Na mwanachuo anayemsimamia hujifunza zaidi yake.

Nimalizie kwa habari moja. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Keko, hapa Dar es Salaam, kwa maseremala, kutafuta kitanda. Mwenye kibanda alinitazama sana, kisha akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole cha shahada hakikuwa na ncha. Nilikosa la kusema. Yeye alicheka, akaniita Mwalimu, akaagiza niletewe kiti. Alikuwa na vijana watatu wanaojifunza kwake. Akaniambia kwamba kila kijana anayekuja, somo lake la kwanza ni kidole kile. Huwaonyesha, kisha huwaeleza ilivyokuwa.

Nikamwuliza, huwa anawaambia nini kuhusu mwalimu aliyekuwapo siku ile.

Akajibu, "Nawaambia mwalimu wangu naye alikuwa anajifunza, ila hakukuwa na mtu wa kumfunza."